Chumba cha Ishirini na Tano

Tukuyu, mwezi wa tano. Mvua haijamuuliza mtu.
Bati linapigwa tangu saa mbili usiku
na mimi nimejifunga blanketi hadi kwapani,
laptopu mapajani kama mtoto mwenye homa,
nasoma mistari iliyoandikwa kabla sijazaliwa
na mtu aliyejua kwamba kumbukumbu ni ghali.

Kazi yangu, ukiniuliza, ni ya chini ya sakafu.
Kuna maktaba isiyo na vitabu wala rafu:
kila programu inapotaka kunakili neno,
kupima urefu wake, kujua leo ni lini,
kuomba kipande cha kumbukumbu na kukirudisha,
hubisha hodi hapo. Hakuna asemaye asante.
Nani huushukuru msingi?
Ukuta ukipata ufa ndipo wanakuja na tochi.

Ufa wa safari hii ulitokea kwenye maziwa.
Ushirika wetu hutoa risiti kwa mashine.
Anyambilile Mwakatundula alipeleka lita kumi na mbili,
risiti ikatoka na jina lake, kisha, bila kupumua,
ikaendelea:
Anyambilile MwakatundulaTupokigwe Sanga.
Ndoa iliyofungwa na printa.
Foleni nzima ilicheka. Mke wa Anyambilile hakucheka.
Na malipo ya mwezi yakagoma,
maana hakuna mwanachama wa jina hilo.

Nikahesabu kwa kidole. Herufi ishirini na nne,
pamoja na pengo la katikati.
Aliyeandika programu ya risiti
alilitengea jina vyumba ishirini na vinne.

Sasa elewa: neno, katika lugha ya C,
halijui linapoishia. Hufuatwa na sifuri,
alama isiyochapwa, kama jiwe la mpaka
kati ya migomba yako na ya jirani.
Anayesoma husoma mpaka alikanyage.
Asipolikuta huvuka,
huvuna asichopanda, wala hajui kwamba ameiba.

Nilidhani ni sindano na uzi tu,
kiraka kimoja, nikalale.
Nikafungua masharti ya maktaba
nikakuta kosa halikuwa kosa.
Neno likijaza vyumba vyote, sifuri haitawekwa.
Imeandikwa hivyo. Iliahidiwa hivyo
tangu enzi za mashine kubwa kama kabati.
Na kuna programu, sijui ngapi, sijui wapi,
za benki, za maabara, za mizani ya malori,
zilizosimama juu ya ahadi hiyo mbovu.
Nikiinyoosha leo, kesho zitapinda zote.
Ukarabati mwingine ni kubomoa.

Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika.
Gizani nikawatukana waliotutangulia,
kisha nikawaomba radhi:
nao walikuwa wakibana baiti
kama mama anavyokata sabuni ya mche kwa uzi.

Kufika saa kumi alfajiri nilikuwa nimempa mdogo wake.
Kazi ile ile, jina jingine:
huyu neno likizidi hulikata,
huweka sifuri hata kama dunia inaungua,
na humrudia aliyemtuma kusema, halikuenea.
Yule wa zamani sikumgusa.
Nilimwekea onyo mlangoni, kwa herufi nene,
na nikamwandikia Gwamaka wa ushirika:
mwite huyu mpya, na ongeza chumba kimoja.
Majina ya kwetu ni marefu, ulisahau?

Mama akaamka kwenda kukamua.
Akasimama mlangoni na ndoo, koti la mvua begani.
"Hujalala. Umefanya nini usiku kucha?"
"Nimeweka sifuri, mama."
"Sifuri."
"Ndiyo. Moja."
Akavaa buti la kushoto, akatafuta la kulia.
"Shuleni walikuwa wakikupa bure."