Mayai Kumi na Mawili ya Hjálmtýr

Minki aliingia usiku wa Novemba
kwa ufa niliopita mbele yake miaka sita
nikisema, kesho.
Kulipokucha theluji ilikuwa imeota manyoya,
na jogoo yuko peke yake juu ya boriti.
Hajawika sawasawa mpaka leo.

Jirani alinionea huruma: mjini wanauza vifaranga,
weupe, wa kisasa, wote sare kama vifungo vya shati.
Lakini mimi sikutaka kuku.
Niliwataka wale.
Wale wa mama yangu Steinvör,
wa rangi ya majivu, ya kutu, ya chai iliyopoa,
kishungi kimelala upande kama kofia ya mlevi,
waliovuka barafu ya uani wakinung'unika
na kutaga Februari kwa ukaidi tu.

Nikashika simu.
Bwana wa Siglufjörður: damu ameshaichanganya.
Mzee wa Hólar: amefariki, binti yake kawala wote Krismasi.
Mama mmoja wa Akureyri akacheka mpaka akakohoa.
"Mbegu ya Steinvör? Si anayo Hjálmtýr!"

Hjálmtýr.
Jina hilo halijatamkwa nyumbani kwetu
tangu kesi ya farasi.
Kabla ya kesi mama alimpa mayai
ndani ya soksi ya sufu, moja moja, kama mtu anayehesabu shanga.
Baada ya kesi alimnyima hata salamu,
ila mayai yalikuwa yameshaanguliwa.
Kuku hawasomi hukumu.

Simu iliita mara tisa.
Nikajitaja, na jina la mama.
Nilisikia saa ya ukutani kwake ikitembea.
"Mia tano kwa yai," akasema.
"Na trei utanirudishia."

Sikuthubutu kuyaleta kwa posta.
Yai la posta hufika na kizunguzungu,
kifuko cha hewa kimebanduka, linacheza ndani kama maji kibuyuni.
Niliendesha saa tano kwenda, saba kurudi,
trei kwenye kiti cha abiria, imefungwa mkanda,
imevikwa sweta la marehemu mume wangu.
Kwenye kila shimo nilisema pole.
Lori la samaki likanipigia honi kilomita kumi nzima.
Nikaliacha lipige.

Siku moja yakapumzika jikoni, ncha chini.
Sina tetea wa kuatamia;
shule ya Hólmavík imeniazima mashine,
bado ina stika ya kipepeo ya mtoto fulani.
Nyuzi thelathini na saba na nusu.
Kwa penseli, X upande huu, O upande ule,
na kengele ya saa nane usiku, mimi na gauni la kulalia,
nikigeuza ukoo wangu kwa vidole viwili.

Usiku wa saba nikazima taa zote, nikawasha tochi.
La kwanza: tupu, chumba kilichopakwa rangi kikakosa mpangaji.
La pili: tupu.
La tatu lina pete ya damu; lilianza, likaghairi.
Nikakaa chini kidogo.
La nne
lilikuwa na mishipa, myembamba, myekundu,
kama mito yetu inavyoonekana kutoka kileleni,
na katikati doa jeusi
lililoruka.
Nilitoa sauti ambayo sijui niiiteje.

Hai ni saba.

Nikampigia. Sikujua ni nani mwingine wa kumwambia.
"Saba," nikasema.
Saa yake ya ukutani ikatembea, ikatembea.
"Steinvör alikuwa akipata tisa," akasema,
akakata simu.

Trei nimeipangusa, iko mlangoni.
Ni ya karatasi ngumu, imechoka, pembe moja imeliwa na panya.
Chini yake, nilipoigeuza,
tarehe zimeandikwa kwa mwandiko ninaoujua,
ule S wenye mkia mrefu.
Hii haiendi kwa posta.