Pengo

Dani ana pengo la meno sita,
ya chini, ya mbele, yaliyong'olewa huko Alego
kabla hajaota matiti, kwa chuma, bila ganzi.
Utotoni nilimwuliza faida yake.
Akacheka, upepo ukapita:
"Taya zikijifunga siku ya ugonjwa,
uji utapitia wapi?"

Nikadhani ananitania.

Kageha wa ofisi ya mikopo, Kisumu,
orofa ya pili juu ya duka la magodoro,
yeye ana mwanya, wa juu, wa kuzaliwa,
mwanya wa kumuuzia mtu kivuli chake mwenyewe.
Nilikuwa nimeshatia sahihi mara kumi na moja
kwa ajili ya Fielder ya kijivu, ya mtumba,
ya kubebea sufuria zangu za pilau, harusini na matangani.
Miezi arobaini na minane ya kulipa.
Akasukuma karatasi ya kumi na mbili.
"Na hii, mama. Bima ya pengo."
Nikasema bima ninayo, ile kubwa.
"Ile italipa bei ya gari siku litakapokufa.
Haijui unadaiwa ngapi. Haiulizi."
Elfu kumi na moja. Bei ya mbuzi mwenye mimba!
Nikatia sahihi kwa hasira, ili nitoke.

Gari huzeeka hata likiwa limelala.
Asubuhi ya kwanza, langoni pa yadi, bei yake imeshaanguka.
Deni nalo hushuka kama mzee ngazini,
ameshika ukuta,
anapumzika kila kidato.

Awasi, saa mbili usiku.
Trela la miwa limeharibika, halina taa,
limewekewa tawi moja la mti barabarani,
na tawi halimuliki.
Ochuodho, dereva wangu, alitoka na goti lililovimba
na sufuria mbili.
Miwa ilikuwa imekalia kiti cha abiria.

Mkadiriaji alilizunguka mara tatu, akapiga picha,
akaandika: halitengenezeki.
Bei yake sokoni siku hiyo: milioni moja na laki moja.
Benki ikafungua daftari lake:
milioni moja, laki tatu na elfu arobaini.
Laki mbili na arobaini katikati,
na gari halipo.
Hapo taya zangu zikajifunga.

Kageha akalitoa faili. Karatasi ya kumi na mbili.
Ile bima kubwa ikawalipa benki, shilingi haikupita kwangu;
ile ndogo, ya mbuzi,
ikaingia penye pengo kama kijiko.

"Lakini usipige vigelegele, mama."
Januari na Februari sikulipa,
nilimpeleka Awino kidato cha kwanza.
Miezi hiyo miwili na faini zake, elfu themanini na nne,
pengo halizihesabu.
"Pengo ni la gari kushuka bei.
Hili ulilichimba mwenyewe."
Alisema polepole, mwanya umefichwa.
Na magurudumu manne mapya ya Kibuye? Hapana.
Na redio? Hapana.
Na amana ya gari jingine?
"Bima hii huzika, mama. Haizai."

Jumapili nilimweleza Dani yote, kwa Dholuo,
trela, tarehe, pesa,
na neno la bima nikaliacha kwa Kiswahili, pengo,
naye akaligusa lake kwa ulimi.
"Kwa hivyo uji ulipita."
Ulipita, Dani.
"Na ulishiba?"

Sikumjibu.
Nina sufuria kumi na nne barazani, Nyalenda,
harusi ni Ijumaa,
na mkokoteni wa kukodi hadi Kibos
ni mia nane, kwenda tu.