Ukurasa wa Thelathini na Mbili

Toleo la tisa liliingia Arua Jumanne
juu ya magunia ya vitunguu,
nakala moja tu kwa mtaa mzima wa Oli.
Bi Zamuradi akalipiga pasi (kweli, pasi ya makaa)
akabandika bei ukutani:
kusoma, shilingi mia mbili;
kulamba kidole kabla ya kufunua, mia tatu;
kumwambia mwenzio mwisho, usirudi hapa.

Mimi ndiye mhakiki.
Hakuna aliyenichagua. Lipo daftari
linaning'inia msumarini kando ya kibanda,
kalamu imefungwa uzi isitoroke,
na mwandiko wangu hutangulia kila toleo:
"Fremu ya nne, kivuli kimeangukia upande usio wake.
Bwana Mita kanenepa bila sababu.
Miwani ya Asianzu, ah, hapo sina neno."

Maana Asianzu Cheche ni wetu.
Fundi wa kuchomelea mageti;
akiwasha ule moto wa buluu
anaona uongo ukitoka vinywani kama moshi,
na Bwana Mita, anayetupimia giza na kutuuzia,
anamkimbia tangu toleo la kwanza.

Chini yangu huandika wengine.
Candia wa spea za pikipiki: "La sita lilikuwa tamu.
Hili limepoa kama chai ya mgeni asiyependwa."
Drateru, muuguzi: "Mtu haanguki ghorofa tatu
akaamka kufunga kamba za viatu.
Muulizeni mchoraji kama amewahi kuona nyonga."
Mtoto asiyejua kuandika kachora ngumi.
Na mmoja, kwa herufi kubwa: ASIANZU AOLEWE.
Majibu kumi na moja. Sitayarudia.

Jumanne ile nilisoma wa kwanza.
Kurasa thelathini na moja nilisahau kwamba nimesimama.
Asianzu yuko juu ya mnara,
kamba inakatika uzi kwa uzi,
mvua imechorwa mstari mmoja mmoja
na mkono wa mtu asiyelala.
Nikafunua.

Bwana Mita anasema, "Nisamehe."
Asianzu anasema, "Haya."
Basi.
Mkono wake una vidole sita.
Nusu ya chini ni tangazo la saruji.

Bi Zamuradi alikuwa anahesabu chenji.
Karatasi ililia kidogo tu.
Nilifika mhakiki, nikaondoka mwizi,
na kifuani, chini ya shati, saruji ikinikwaruza.

Wiki ile daftari halikupumua.
Candia aliapa anaanguka, mto Enyau unamdaka.
Drateru akasema hapana, nyonga inavunjika, hatimaye,
na Bwana Mita ndiye anayembeba mgongoni
hadi hospitali, anapanga foleni kama sisi,
anaambiwa arudi kesho.
"Hapo ndipo atakapojuta," akaandika, akapigia mstari.
Mtoto alichora kamba, akaiendeleza
hadi ukurasa wa pili, wa tatu, akakosa pa kuishia.
Bi Zamuradi alimlaani mwizi asubuhi na jioni
na hajawahi kuuza kama wiki ile.

Alhamisi akaja mtu mwenye wino kwenye vikuku vya shati.
Alilipa mia mbili, katuni hakuigusa.
Alisoma daftari, amesimama,
mpaka muuza roleksi akazima jiko lake.
Kisha akauliza, "Na ukurasa wa mwisho?"
Kimya. Mimi nikatazama viatu vyangu.
"Afadhali," akasema,
akachukua chenji ambayo hakudai.

Toleo la kumi linaanza kwenye foleni ya hospitali.
Mgongo wa Bwana Mita umelowa jasho,
nyonga imechorwa kwa heshima zote.
Drateru kalisoma mara nne, analipa kila mara.
Ule ukurasa ninao bado, chini ya godoro,
simwonyeshi mtu, hata nikilewa.

Ila kivuli, fremu ya pili,
kimeangukia tena upande usio wake.
Nimeandika.