Kibao Kando ya Missouri

"Walitua hapa," chasema kibao,
lakini hapa ni shamba la mahindi;
mto ulihama zamani, hata bila kuaga.

Ndani, chini ya kioo, daftari la safari:
misumari, mapipa ya unga, mbwa mmoja,
kisha, kwa wino uliofifia: *nchi tupu.*

Verlene, mtunza makumbusho, hupangusa kioo hicho
kila asubuhi. Akifika penye maneno hayo
kitambaa hukawia.
Bibi wa bibi yake alikuwa ndani ya utupu huo,
akipalilia maboga.

Tukashuka kijia hadi majini.
Orin wangu akauliza waligundua nini hasa.
Verlene akachuma zabibu-mwitu, akamtilia kiganjani.

"Waligundua wana njaa," akasema.
"Tukawapikia."