Kipimajoto

Hukikung'uta mara tatu, zebaki irudi chini,
ndipo nikitie kwapani mwa mtu.
Katika zahanati yetu, hapa Kaptembwo,
daftari lina safu moja ya joto,
na safu hiyo inakula tarakimu tu.

Jumanne alikuja baba yangu, Osewe,
amevaa makoti mawili.
"Nasikia baridi," akasema.
Thelathini na sita, nukta saba.
Nikaandika. Kalamu ikabaki hewani.

Baba ni wa Ahero.
Kule, saa nne asubuhi, jua limeshakaa kitako,
fukuto linapanda kutoka majarubani,
hata mbwa huhama na kivuli chake.
Na humo ndimo alimozaliwa mtu baridi:
si mkavu, si mchungu, baridi tu,
maji ya mtungi yaliyotulia gizani.

Mama, Tabutany, alitoka juu, Molo,
kwenye sakitu ya alfajiri.
Huko watu husema viazi vimeungua,
na aliyeviunguza ni baridi.
Labda ndiyo sababu.
Mama alikuwa moto wa mabua:
unalipuka, nyumba nzima inang'aa,
sufuria zinajibizana,
jirani anazima redio asikilize,
na kabla ugali haujashikana
pamebaki jivu na kicheko.
"Maji ya moto hayachomi nyumba," baba angetuambia,
huku akisogeza kiti karibu kidogo,
kama mtu wa kuota.

Hasira yake yeye ilikuwa ya kumvi.
Likizoni, Ahero, nyuma ya kinu cha mpunga,
palikuwa na lundo la kijivu, laini kama poda.
Nilikanyaga nikiwa na miaka saba.
Kovu ninalo, unyayo wa kushoto.
Hivyo ndivyo alivyokuwa
mwaka ule mjomba alipouza baiskeli yake:
tangu kupandikiza hadi kuvuna
hakuinua sauti hata mara moja.
Alipokea sahani kwa mikono miwili
na kuuambia ukuta ahsante.

Neno hili kupoa linanichosha.
Homa ikipoa, tunashukuru.
Chai ikipoa, tunaimwaga.
Duka likipoa, tunafunga.
Vijana wa stendi ukiwauliza hali: poa,
hata kama hawajala tangu jana.
Na mama alipopoa, mwezi wa nne, usiku wa mvua,
mkono wake mkononi mwangu,
nilitafuta safu ya kuandikia
nikaikosa.

"Nasikia baridi," baba akarudia,
nami nikakumbuka kwamba kwetu
baridi haiguswi. Husikika.
Miezi mitano sasa nyumba ile haijagombwa.
Mlango unafungwa taratibu.
Kijiko kinawekwa mezani, na unakisikia
kikiwekwa mezani.
Nilikuwa nimeshika pakiti ya vidonge.
Nikairudisha kabatini.

Jioni nikapita kwake.
Viatu vya matope juu ya mkeka,
dirisha wazi, maziwa yamefurika jikoni
na kuganda kandokando ya jiko.
Nikavuta pumzi, nikaivuta mpaka Molo.
"Hivi wewe mzee, haya atayapangusa nani?
Umeniona punda?"
Sauti haikuwa yangu.
Nikabamiza sufuria. Nikabamiza na kifuniko.
Ng'ambo ya ukuta redio ikanyamaza.

Baba hakunijibu.
Alivua koti moja, akalikunja,
akasogeza kiti.