Kazi ya Nyumbani, Darasa la Nne

Daftari limefunguliwa juu ya mkeka.
"Chora mzunguko wa maji," kaandika mwalimu,
na Somoe ananikodolea macho
kana kwamba maji ni mimi niliyeyaanzisha.

Mwanangu, baba yako maji anayajua kwa mabega.
Anayajua kwa madumu matano,
matatu nyuma, mawili ubavuni,
na kamba ya mpira wa tairi
inayolia kwenye kila jiwe la mlima huu wa Newala.
Nashuka bondeni kabla ya adhana,
ukungu bado umelala huko chini kama uji uliomwagika;
napanda jua likiwa utosini.
Huo ndio mzunguko niliousomea mimi.

Lakini kazi ni kazi. Lete sufuria.
Tukamimina kikombe kimoja, tukafunika,
tukapepea mkaa.
Mama yake akainua uso kwenye korosho anazochambua:
"Dumu shilingi mia saba Oktoba hii,
na nyie mnayafundisha kuruka?"
Tukanyamaza kama wezi.

Kifuniko kikaanza kutokwa jasho.
Nilipokiinua, mvuke ukampiga Somoe usoni,
akacheka, akajifuta kope.
Matone yamejipanga kule ndani, yanasukumana;
moja likanenepa, likashindwa kujishika,
likadondoka. Ti!
Mvua ya kwanza nyumbani kwetu tangu Mei.
(Yaliyobaki mama yake aliyatia majani, tukanywa.)

"Ina maana jua linapandisha maji mpaka huku kwetu?"
Linapandisha.
"Kutoka baharini? Kule Mtwara mjini?"
Kule, na mbali zaidi ya kule.
"Kwa baiskeli gani?"
Bila baiskeli.
"Linauza dumu bei gani?"

Nikajikuna kidevu.
Miaka kumi na mmoja nashindana kibiashara
na tajiri asiyejua hata kama nipo.
Desemba akifungua ghala lake,
mabati yanatema, visima vya saruji uani vinashiba,
na mimi natundika baiskeli ukutani,
naenda kuomba kibarua cha kupalilia mikorosho ya watu.
Mvua ikinyesha, nusu ya mdomo wangu hushukuru,
nusu nyingine naifunga.
Hilo sikumwambia. Halimo kwenye kitabu chao.

Shati langu la asubuhi lilikuwa limekauka kambani,
mgongoni limebaki na ramani nyeupe.
Somoe akaligusa kwa kidole,
akaonja kabla sijamkataza.
"Chumvi! Maji yameondoka, chumvi imekataa kwenda.
Basi baba, na jasho lako liko juu?"
Nikatazama. Wingu moja tu, dogo,
linajikokota kuelekea Tandahimba.
"Labda lile pale," nikasema,
na aibu na fahari zikakaa benchi moja kifuani mwangu,
hazisalimiani.

Usiku, kwa taa ya sola, akachora.
Bahari kwa kalamu ya bluu. Jua lenye kope ndefu.
Mshale wa kupanda, wingu, mshale wa kushuka,
bonde.
Hapo akasita, akang'ata penseli.
Kisha, kutoka bondeni hadi mlangoni petu,
akachora magurudumu mawili na mtu mwembamba,
kichwa kama punje ya mtama,
na mshale unaopanda mlima
bila jua kuusaidia.

Leo daftari limerudi.
Vyema kwenye bahari. Vyema kwenye wingu.
Pembeni ya baiskeli, alama ya kuuliza, nyekundu,
imepinda kama ndoano.

Somoe anataka kujua amekosea wapi.
Mimi nakaza kamba ya tairi, najaribu breki.
Nimemwambia nitamjibu nikirudi.