Duara Lisilo na Jina

Ijumaa asubuhi, hapa Ibra, Muhanna alikula ful,
sahani nzima, kwa mkate wa moto na ndimu.
Jumapili mkojo wake ulikuwa chai ya rangi,
macho manjano, midomo imepauka.
Hospitalini wakamtundikia damu ya mtu mwingine.

Shangazi Rayya alisema: jicho.
Daktari alipotaja maharage, akageuza maneno,
akayasema kwa Kiswahili ili mama asikie vizuri:
"Mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwetu hakuna ugonjwa huu."
Mama alikuwa anakunja shuka. Akaendelea kukunja.

Mimi nina mtihani wa baiolojia wiki ijayo.
Nimechukua karatasi, penseli na rula:
mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke,
mgonjwa hutiwa weusi,
anayebeba bila kuugua hupewa nukta katikati.

Mwalimu Badriya alitufundisha:
karibu kila seli ina kiini, na ndani ya kiini mna uzi;
seli moja tu, ukiunyoosha uzi wake wote,
unampita mtu mzima kwa urefu.
Umeandikwa kwa herufi nne.
A hushikana na T, G hushikana na C,
hawabadilishani wachumba.
Fungu la herufi ni jeni, na jeni ni maagizo,
kama bibi anaposema mdalasini kipande, hiliki tatu,
na seli ni mpishi asiyeuliza kwa nini.
Herufi moja ikikosewa,
mara nyingi hakuna anayeonja tofauti.
Mara nyingine kimeng'enya hutoka goigoi,
chembe nyekundu hubaki bila ngao,
na maharage, maharage tu, yakazipasua.

Jeni hiyo inakaa kwenye X.

Hapo penseli ilisimama.
Muhanna ana X moja, na alipewa na mama.
Baba alimpa Y.
Kumbe shangazi amepatia, niliwaza,
kisha nikaona haya kwa kuwaza.

Lakini mama naye, nani alimpa?
Babu mzaa mama alikula ful kila alfajiri
hadi meno yakamwisha. Pengine si yeye.
Basi nikapanda kwa bibi, na juu ya bibi.

Miraba haina taabu:
Muhanna bin Khalfan bin Zahor bin Suleiman,
kaka yangu ana miaka sita na anawataja tisa bila kupumua.
Ngazi ndefu ya bin,
na X haipandi ngazi hiyo hata kidato kimoja.
Baba hampi mwanawe wa kiume.
Njia yake imepita jikoni, kwa wale
walioandikwa "mama yake fulani".

"Bibi, mama yako aliitwa nani?"
Akatazama kiyoyozi kama kwamba jina limo mle.
"Sisi tulimwita Mama. Alifia Wete,
nina miaka mitatu. Nakumbuka pengo.
Hapa, mbele. Kama lako."

Nikapitisha ulimi kwenye pengo langu.

Nikamchorea duara. Katikati sikutia nukta,
sina haki; huenda ilimpitia yeye,
huenda ilimpitia mume wake,
huenda herufi iliteleza baadaye, bila mkosaji.
Nilitia alama ya kuuliza.
Na duara langu mimi, hapo chini pembeni, nalo hivyo hivyo:
nusu kwa nusu. Sarafu hurushwa upya kila mimba,
haikumbuki ilivyomwangukia Muhanna.
Jumatatu nitanyoosha mkono wachukue damu.

Bibi akaniomba penseli.
Kilatini hajui. Akaandika ndani ya duara la juu
kwa herufi za Kiarabu, polepole, mkono ukimtetemeka:
mama.
Mama akaacha shuka, akaja kusoma.

Kitandani Muhanna aliuliza,
"Na dengu?"
Dengu ruhusa, nikamwambia.
"Basi nitakula dengu," akasema, akageukia ukuta.